Ngawa Aliyekatwa Mkia

Ndugu yangu Simai Ubwa hakufuga chui. Nnaliandika hilo mwanzo kabisa, ili mwenye haraka ya kuondoka aondoke nalo. Hakufuga chui yeye, hakufuga babaetu, na katika ukoo wetu mzima hajatokea aliyefuga mnyama mkubwa kuliko ng'ombe wa maziwa. Wanaosema vingine nnawajua kwa majina, na baadhi yao nliwaosha kwa mikono yangu siku waliyozaliwa.

Msomaji asiye wa Unguja huenda akacheka. Asicheke. Kwetu mtoto hukua akijua kwamba chui ana mwenyewe, mchawi anaemfuga na kumtuma kwa watu. Nilipokuwa mdogo, mbuzi akikutwa shingo imetobolewa, wazee hawakuuliza chui kaenda wapi. Waliuliza chui wa nani. Likishatajwa jina la mtu, yamekwisha. Hakuna hakimu wala rufaa. Nilimuona mzee mmoja akihama kijiji na godoro lake kichwani kwa neno hilo, na mama akanifunika uso kwa kanga nisimtazame. Nilikuwa na miaka saba. Leo nina sabini na nne, na godoro lile nnaliona bado, la sufi, limechanika pembeni.

Simai ni kitinda mimba wetu. Tulizaliwa kijiji kilichopo baina ya Bwejuu na msitu, mahali ambapo muhogo wako ukiupanda leo, kesho nguruwe mwitu wanakuja kuukagua. Mimi niliolewa mjini, Mkunazini, na yeye alipomaliza skuli alinifuata. Nikamtafutia kazi kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na studio ya picha, mitaa miwili kutoka kwangu.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuosha picha katika chumba cha giza chenye taa moja nyekundu. Akirudi nyumbani vidole vinanuka dawa, hata mkate akikumegea unanuka dawa. Mle ndani alijifunza mambo mawili: kungoja, na kutomkata mtu. Mhindi yule alikuwa mkali. Ukimpiga bibi harusi picha ukamkata ncha ya kiatu, ilikubidi umwite tena na kumpamba tena, kwa sababu, alikuwa akisema, mtu hakuvaa viatu vyake ili aviache nje ya picha. Simai alikaa studio ile miaka ishirini na sita, na sijasikia mtu hata mmoja aliyelalamika kwamba kakatwa sikio.

Baadae zikaja simu, kila mtu akawa na studio mfukoni. Mhindi akafunga mlango. Leo pale panauzwa vinyago vya Kimasai, katika mji ambao hakuna Mmasai aliyezaliwa. Siku ya kuagana alimpa Simai kamera moja na lenzi ndefu kama mkono wa mtoto, na Simai akarudi kijijini na mkewe na bintiye mdogo, Nusrat. Mkewe Mungu kamrehemu miaka tisa sasa. Nusrat kalelewa na babaake, na kalelewa vizuri.

Kijijini Simai alilima kama watu wote. Lakini baada ya sala ya alfajiri alikuwa akiingia msituni na ile kamera, kajifunga kikoi kilichopauka, hakugusa sabuni ya manukato tangu jana yake. Alikaa chini ya kichaka mpaka jua la mtikati. Watu walimcheka kwamba studio imemtia wazimu. Yeye hakujali. Paa nunga, ambae wengi wetu tumemuona kwenye mchuzi tu, na haramu ya serikali juu yake, Simai alimngojea miezi kumi na moja mpaka akampata kasimama mzima, masikio mawili, miguu minne.

Na punju, wale kima wekundu wa msitu wetu, alikuwa na hila nao moja tu. Punju hula makaa, wachoma makaa wote wanalijua hilo, hushuka kwenye tanuri bovu wakabeba kipande mkono mmoja kama mtu kabeba andazi. Simai alikaa karibu na tanuri lililozimika, kimya, akangoja. Hakuwahi kuwarushia ndizi. Wageni hurushiwa maneno na waongozaji wao kwamba ndizi ndiyo itamleta mnyama karibu, na Simai akiwasikia alikuwa akitikisa kichwa.

"Mnyama akija kwa ajili ya ndizi," aliniambia, "umepiga picha ya ndizi."

Picha zake alizisafisha mjini, akazitia katika bati la biskuti. Hakuzitangaza. Ukienda kwake ukanywa chai, ukiuliza, atakufungulia.

Sasa namtaja Mazin, na Mungu anipe subira ya kumtaja bila ya kutukana. Mazin ni kijana wa mjini, aliingia studio ile akiwa mwanafunzi miaka miwili ya mwisho. Simai ndiye aliyemfundisha kushika kamera. Mchana alikuwa anakula kwangu. Anapenda ukoko wa wali, nilikuwa nikimwekea. Leo ana kampuni ya kuwatembeza wageni, ana gari zilizoandikwa safari ya wanyama ubavuni, na miwani ya jua anaivaa hata ndani ya nyumba.

Mwaka juzi Mazin alikwenda kijijini na kamera za kufunga kwenye miti, zile zinazojipigia zenyewe mnyama akipita. Akamwomba Simai amchagulie njia, kwa vile msitu anaujua. Masharti yakawa kwamba picha zitakazopatikana ni za Mazin, na Simai asimuonyeshe mtu yeyote. Simai akampa mkono, wakasoma Fatiha. Kwa Simai mambo hapo yamefungwa. Amana ni amana.

Mwezi wa pili tangu hapo ikatoka picha moja. Simai ndiye aliyezitoa kadi miti­ni, na aliitazama kwenye kompyuta ya Mazin akiwepo Mazin mwenyewe. Alikuwa ngawa. Yule yule ngawa anaekula mapapai ya watu na kunusisha kijiji kizima, uso una alama nyeusi kama kajifunga kitambaa cha macho, mkia mnene wenye pete, panya mdomoni. Simai alifurahi, kwani panya alitoka vizuri mpaka masharubu.

Mazin hakufurahi na panya. Alikata kichwa. Kisha akakata mkia. Akabakisha ubavu wenye madoa, akaufifisha, akaupeleka kwenye simu za dunia nzima kwamba chui wa Unguja, aliyedhaniwa keshatoweka, yuhai. Na ili aaminike, akaandika chini yake kwamba kamera iliwekwa na Simai Ubwa, mtu pekee anaeijua njia ya chui.

Sijui kama alifikiri. Mzaliwa wa Unguja, kazaliwa hapa, kala ukoko wangu, hajui sentensi ile inasomwaje kijijini? Anajua. Aliwaandikia wageni, sisi hatukuwemo kwenye hesabu yake.

Picha ilifika kijijini kabla ya adhuhuri. Na bahati mbaya, au niseme shetani hakosi kazi, wiki ile ile Bakar, jirani wa Simai, aliuliwa mbuzi watatu. Walikutwa zizini koo zimechanwa. Bakar ni mlinzi wa hoteli moja upande wa pwani, na mkewe Tabia ndiye muokaji wa mikate ya kumimina ya kijiji kizima. Bakar alisimama barazani mbele ya msikiti, akaishika simu juu, akauliza watu: ni nani aijuae njia ya chui, kama si mwenye chui?

Watu wakaipokezana ile simu mkono kwa mkono.

Nusrat alinieleza baadae yaliyofuata. Hapakuwa na matusi. Babaake alipopita barazani, mazungumzo yalinyamaza, akishapita yakaanza tena. Alipoomba mtu amsaidie kuinua paa la banda, kila mmoja alikuwa na mgongo unaouma. Alipopika Nusrat khitma ya mamaake, sahani zilizopelekwa kwa majirani zilirudi na wali wake, haujaguswa, umefunikwa kawa ile ile. Mtoto wa watu akakaa chini jikoni akautazama wali wa khitma ya mamaake.

Na Nusrat alikuwa kaposwa. Mchumba wake Ayoub, wa Uroa, harusi ilikuwa Mfunguo Tatu, imebaki miezi miwili, sare zimeshachaguliwa. Zuleikha, mama wa Ayoub, akaleta salamu kwa mtu, hata mwenyewe hakuja. Salamu zenyewe maneno mawili: tungoje kwanza.

Kila mwanamke anajua tungoje kwanza maana yake nini. Binti akirudishwa kwa jambo hili harudishwi mara moja tu. Hakuna mwengine atakaekuja kuulizia mlango ule.

Nusrat alinipigia simu hakulia, na hilo ndilo lililonitoa Mkunazini. Nitasema na la aibu, kwa sababu nimeahidi kuandika kweli. Wakati nakunja nguo zangu kwenye mkoba, moyo wangu uliuliza: je, kama kweli? Mimi, dada yake, nilomvua nepi. Mara moja tu, lakini uliuliza. Hasira yangu kwa wanakijiji imo na hiyo ndani yake.

Nilimkuta Simai ukumbini anapangusa lenzi. Kakonda. Nikamuuliza mnyama yule ni nini. Akaendelea kupangusa. Nikamuuliza tena, nikamwambia nimekuja na magoti yangu haya mabovu, sikuja kunyamaziwa.

"Ngawa," akasema.

"Na unayo picha nzima?"

"Mazin alinipa nakala. Lakini nilimpa mkono, dada. Nilisema sitamuonyesha mtu."

Nilimtazama nikaona nnaweza kumpiga. Mwanawe anaharibikiwa, yeye anachunga ahadi ya mtu aliyemuuza. Nikamwambia hivyo, na zaidi ya hivyo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema kama Mazin hakuichunga ya kwake, hiyo ni ya Mazin. Yeye ataulizwa ya kwake. Ndivyo alivyo. Mtu aliyengoja paa nunga miezi kumi na moja humuondoi kwenye kichaka chake kwa makelele.

Basi nikarudi mjini kwa Mazin mwenyewe. Ofisi yake ina baridi kama jokofu, na ukutani kautundika ubavu ule, mkubwa kama mlango. Akaniamkia shikamoo mamangu, nikamwitikia marahaba kwa sababu marahaba haikatazwi hata kwa mwizi. Nikamweleza khabari za Nusrat. Akasikitika kwa mdomo. Akasema watu wa shamba watasahau. Akasema wageni hawapandi ndege kuja kumtazama ngawa.

"Mfungue ndugu yangu ile ahadi," nikamwambia. "Hilo tu."

Akacheka, meno yote nje. "Mwambie aionyeshe, mamangu. Nani atamuamini?"

Nilimtaka aliseme tena kwenye simu, asikie Simai mwenyewe. Akalisema. Nikatoka, sikuaga. Ukoko wangu niliuhesabu kuwa umeliwa na panya.

Alhamisi ya wiki ile, baada ya sala ya alasiri, Simai aliipeleka picha barazani. Alikuwa kaisafisha kwa karatasi nzuri, kubwa, kama picha ya harusi. Mimi na wanawake wengine tulikuwa upande wa pili wa njia, kwenye kivuli cha ukuta. Simai si msemaji. Aliiweka picha juu ya mkeka akasema mnyama wenyewe ndiye huyu, na kichwa chake, na mkia wake, na panya wake.

Wakainama kutazama. Ngawa hakuna asiyemjua. Niliona mzee mmoja akiinua kichwa kama anataka kucheka, na nikasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Bakar akasema, taratibu kabisa, "Mwenye chui ndiye ajuae kumvisha ngozi. Leo ngawa, kesho paka. Si ndio ufundi wenyewe?"

Na wale watu, wenye macho, wenye wajukuu wanaosoma chuo kikuu, wakatikisa vichwa kwamba ndio. Yule mzee akaurudisha uso wake chini. Simai akaiokota picha yake, akaipangusa vumbi.

Hapo nikavuka njia. Mwanamke havuki kwenda baraza ile, najua, nimezaliwa pale. Nikavuka.

Nikawaambia kama macho hayatoshi, basi isomwe Halbadiri. Kwa asiyejua, hicho ni kisomo cha kumshitaki kwa Mungu mdhalimu asiyejulikana. Laana yake humfika mwenye dhambi, yeye na cha kwake. Masheikh wengine hawakipendi, na mimi sikipendi, kwani ni upanga usio na mtu wa kuuzuia. Lakini nlikuwa nimefika hapo. Nikasema isomwe kesho, baada ya sala ya Ijumaa, juu ya aliyeua mbuzi wa Bakar, mtu au mnyama wa mtu. Na juu ya kila anaemjua akanyamaza.

Simai akasema lianze kutajwa jina lake. Imamu akamgeukia Bakar, mwenye mbuzi, kama anaridhia.

Bakar alitakiwa aseme naam. Neno jepesi. Akasema labda isiwe na haraka, mbuzi wameshakufa, yeye keshasamehe. Nikamwambia, "Wewe umesamehe mbuzi, Bakar. Sisi hatujasamehe jina. Kesho." Nikaondoka, na nilihisi macho yao yote yamehama kutoka mgongo wa Simai yamekwenda kwenye uso wa Bakar.

Asubuhi ya Ijumaa Tabia alikuja kwetu bila ya sinia la mikate. Alikaa chini kwenye sakafu, nikamwambia apande kitini, hakupanda. Akaanza kulia kwamba ana watoto wanne, Halbadiri isisomwe. Nikamwacha alie. Alipomaliza akasema aliyo nayo.

Hoteli ile hufungwa masika. Mwenyewe akisafiri humwachia mlinzi mbwa wake wawili, wakubwa, awalishe huko huko pwani. Bakar aliona mbali kwenda kila siku. Akawaleta kwake, akawafungia bandani nyuma ya jiko la mikate. Majirani walikuwa wakiwasikia wakibweka, wakadhani ni mbwa koko. Siku moja kamba ikakatika. Mbuzi watatu. Angelisema ni mbwa, kila mtu angeuliza mbwa gani, na nani angenunua tena mkate uliookwa mbwa wakiwa pembeni, wanalishwa kwa sufuria ile ile, kata ile ile? Na siku hiyo hiyo simu zikaleta chui. Bakar akaona Mungu kamfungulia mlango.

"Nusrat kalia hapo ukuta wa pili," nikamwambia. "Hukumsikia?"

Akasema alimsikia.

Nikamwambia Halbadiri haitasomwa, kwa sharti moja: alosimama barazani asimame tena pale pale, aseme kwa mdomo ule ule. Na Bakar alisema, baada ya sala ya Ijumaa, kwa sauti ambayo ilibidi imamu amwambie ainyanyue. Nilikuwa kwenye kivuli changu nnatazama nyuso. Sikuona hata mmoja anaemfikiria Simai. Wote walikuwa wanakumbuka mikate. Mzee yule aliyetaka kucheka alitema mate mara tatu. Watu ambao walirudisha wali wa khitma wa nyumba safi walikuwa wamefuturu na sufuria la mbwa Ramadhani nzima, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikashika ukuta.

Hakuna aliyemuomba radhi Simai kwa maneno. Walikuja kuinua paa la banda, kumi na wawili, siku ambayo hakuwaita. Alijaza mbao na misumari mikononi mwao, na hakusema lolote. Mimi nilisema.

Zuleikha wa Uroa safari hii alikuja mwenyewe, na wanawake wanne na sinia za halua na visheti. Akasema shetani alipita kati. Akasema harusi iwe tarehe ile ile. Mimi nilishafungua mdomo, lakini Nusrat alinitangulia. Aliwaamkia kwa adabu, akawamiminia kahawa, akauliza jambo moja: Ayoub, siku zote hizo, alisema nini?

Zuleikha akasema Ayoub ni mtoto mpole, alimwachia mamaake.

"Mpelekee salamu zangu," Nusrat akasema. "Mwambie tungoje kwanza."

Halua ikarudi Uroa haijakatwa, na sinia zikafunikwa vile vile zilivyokuja. Simai alikuwa ukumbini kasikia yote. Niliogopa atamlaumu mwanawe. Alichukua kamera, akamwambia asogee kidogo dirishani kwenye mwangaza, akampiga picha. Nusrat mzima, kuanzia utaji mpaka ndara.

Ayoub amekuja mara mbili tangu hapo, peke yake, kwa baiskeli, kuzungumza na Simai. Nusrat hajampa jibu. Asimpe mpaka amjue. Mazin hajaja, na ubavu wake ungali ukutani, na wageni wanapiga nao picha. Kijijini wapo hadi leo wanaosema kwamba mbwa ni mbwa, lakini chui yule mbona hajaonekana tena? Kwa sababu hakuwepo, enyi watu.

Ile picha nzima nimemuomba Simai anipe. Ipo ukumbini kwangu Mkunazini, ndani ya fremu, mkabala na mlango. Kila anaeingia namuuliza huyu mnyama gani. Akisema ngawa, namkaribisha kahawa. Wapo wawili waliosema chui, na mmoja ni shemeji yangu. Walikwenda kunywa kahawa kwengine.